Mshale wa RPM Unaruka-ruka? Hivi Ndivyo Utajua Kama Ni Mita Imechoka ama Ni Nduthi Inakuita

Umewasha nduthi yako ya kitambo, injini inanguruma fiti, lakini mshale wa RPM unacheza kama msee ameskia ngoma yake kwa mat. Mara uko 2,000, mara 6,000, mara umelala kwa sifuri. Ukiuliza kwa steji, kila mtu ako na jibu. Mmoja anasema nunua mita mpya. Mwingine anasema kata hio waya uendelee na maisha.

Usiharakishe na yeyote kati yao. Kwa nduthi nzee, mshale unaoruka humaanisha kitu moja kati ya mbili. Ya kwanza, mita yenyewe ama kebo yake ama waya zake zimechoka. Hapo unaweza kuendelea kuendesha ukitafuta doo pole pole. Ya pili, mita iko sawa kabisa na inakuambia ukweli: moto wa plagi unakatika, betri haipati chaji, ama kuna waya wa ethi umelegea. Hii ya pili ndio huzima injini ukiwa katikati ya kupita trela Mombasa Road. Ukikata waya ya mita, umemnyamazisha shahidi tu. Kesi bado iko.

Kutofautisha hizo mbili hakuhitaji spea mpya. Kunahitaji macho, masikio, multimita ya bei ya chini na kama saa moja ya uvumilivu.

KWANZA, JUA UKO NA MITA YA AINA GANI

Watu wengi huanza kufungua vitu kabla ya kujua hii, na hapo ndio pesa huanza kuvuja. Mita za RPM ziko za aina mbili kubwa.

Mita ya kebo: Angalia nyuma ya mita. Ukiona kebo nene nyeusi, kama ile ya spidi, imetoka kwa mita ikashuka mpaka kwa injini, hio ni mita ya kebo. Suzuki GN125 iko nayo. Honda CB750 ilipotoka 1969 ilikuwa nayo, na nduthi nyingi za Japani za miaka ya sabini pia. Mita ya hivi haina haja na betri kusogeza mshale. Umeme wake ni wa taa ya usiku tu.

Mita ya umeme: Ukiona waya nyembamba peke yake nyuma ya mita na hakuna kebo inayoenda kwa injini, hio ni ya umeme. Bajaj Pulsar na TVS Apache ziko kwa kundi hili, hata kama mshale wao unaonekana wa kizamani. Mita hii huhesabu mapigo ya umeme yanayotoka kwa mfumo wa kuchoma plagi, kisha inageuza hesabu kuwa mwendo wa mshale.

Njia ya haraka ya kuhakikisha: zima nduthi, fungua swichi bila kuwasha injini. Kwa mita nyingi za umeme mshale hushtuka kidogo ama hufanya raundi moja kamili. Mita ya kebo haiwezi kusonga mpaka injini izunguke.

JARIBIO LA MAANA KULIKO YOTE: SKIZA INJINI, ANGALIA MSHALE

Hili halikugharimu hata bob. Endesha barabara tulivu ambayo hakuna magari mengi, shika mwendo moja, kisha ngoja mshale uruke. Swali ni moja tu: mshale ukiruka, injini inasema nini?

Mshale unaruka, injini haijashtuka hata kidogo. Sauti ni ileile, mwendo ni uleule. Hapa shida iko kwa mita, kebo, ama waya zinazoenda kwa mita. Si dharura.

Mshale unaanguka, na injini inakata wakati huohuo. Hii ndio ya kuogopa. Kwa mita ya umeme, kama mshale unaanguka ghafla mpaka sifuri wakati nduthi bado inasukumwa na tairi iko kwa gia, ina maana mapigo ya umeme yamekatika. Injini bado inazunguka, lakini mfumo wa plagi umelala. Tafuta shida kwa swichi ya funguo, swichi nyekundu ya kuzima, swichi ya stendi, waya za koili ama CDI.

Injini inakata, lakini mshale unashuka pole pole pamoja na mwendo. Mita iko sawa na umeme wa kuanzisha moto uko. Anza na mafuta: kabureta chafu, bomba la petroli limejikunja, ama kishimo cha hewa kwa kifuniko cha tenki kimeziba. Wengi hubadilisha CDI hapa bure kabisa.

Kitu moja ya kukumbuka: mita nyingi za umeme husoma mapigo kabla hayajapandishwa nguvu na koili. Kwa hivyo plagi yenyewe ikidedi, ama waya nene ya plagi ikikatika ndani, mshale unaweza kukaa sawa huku injini inakohoa. Mshale ulio sawa haujasafisha jina la plagi.

Na kwa mita ya kebo, mshale hauwezi kulala sifuri wakati injini inazunguka, hata kama moto umekatika. Ukilala, kebo imekatika ndani ama imechomoka.

KUNA TOFAUTI KATI YA KURUKA JUU NA KUANGUKA CHINI

Kwa mita ya umeme, shika hii kanuni. Mshale ukiruka juu kuliko injini inavyoskika, mita inahesabu mapigo ya ziada ambayo si yake. Mara nyingi hio ni kelele ya umeme kutoka kwa plagi, waya nene, ama vitu umeongeza kama taa na chaja. Mshale ukianguka chini, kuna mapigo yamepotea njiani: waya imelegea, konekta imeshika kutu, ama ethi haishiki.

Andika kwa simu yako mshale unafanya nini, saa ngapi, na kama ni baada ya mvua. Hio notisi ndogo itakuokolea kazi mingi baadaye.

KAMA MITA NI YA KEBO

Ndani ya mita kuna sumaku inayozungushwa na kebo. Karibu nayo kuna kikombe chepesi cha aluminiamu ambacho hakigusani na hio sumaku. Sumaku ikizunguka inavuta kikombe, springi nyembamba kama ya saa inakirudisha nyuma, na pale nguvu mbili zinapolingana ndipo mshale hutulia. Kwa hivyo kebo ikizunguka kwa kushtuka-shtuka, mshale utashtuka pia. Mita haidanganyi, inarudia tu kile kebo inafanya.

Dalili ya kebo kavu ni rahisi: mshale unayumba injini ikiwa inanguruma pole pole, halafu unatulia kiasi ukipiga resi. Saa zingine utaskia mlio wa kukwaruza karibu na mita. Fanya hivi:

1. Fungua kebo upande wa injini na upande wa mita. Vuta waya wa ndani utoke.

2. Ulaze kwa meza iliyonyooka na uuzungushe kwa vidole. Ukiruka mahali pamoja kila raundi, umejikunja. Kebo iliyojikunja hainyooki tena, nunua nyingine.

3. Angalia ncha zake. Kama zilikuwa na pembe nne na sasa zimekuwa mviringo, zinateleza ndani ya gia na mshale unaanguka vile unataka.

4. Kama waya uko fiti, usafishe na mafuta ya taa, ukaushe, kisha upake grisi kidogo. Paka theluthi mbili za chini pekee. Sehemu ya juu karibu na mita iache kavu. Grisi ikiwa mingi hupanda ndani ya mita, na ikifika kwa kile kikombe, mshale utakwama.

5. Rudisha kebo bila kona kali. Hii hupata sana wasee waliobadilisha usukani ukawa mfupi ama mrefu. Kebo inabaki ileile, inajikunja mahali haikufaa, na siku ya tatu mshale unaanza kutetemeka. Zungusha usukani kushoto na kulia uhakikishe kebo haivutwi na haigusi ekzosi.

6. Ukikuta kebo imelowa oili nyeusi, usinunue kebo kwanza. Sili ya oili pale kebo inapoingia kwa injini imeisha. Kebo inayozunguka hupandisha oili kama parafujo, na ikifika juu utaona mafuta ndani ya kioo. Badilisha sili, ndio ushughulikie kebo.

Bado mshale unaruka? Sasa tenganisha mita na injini. Acha kebo imefungwa kwa mita, chomoa upande wa injini, na ushike ncha ya waya kwa drili. Kwanza hakikisha kebo huzunguka upande gani injini ikiwaka, ndio drili izunguke upande huohuo. Anza pole pole, usipige drili mpaka mwisho. Mshale ukitulia, shida iko kwa gia ya injini inayozungusha kebo. Kwa injini zingine ni gia ya plastiki na meno yake huisha. Mshale ukiendelea kuruka na kebo umeshaithibitisha, basi mita yenyewe ndio mgonjwa.

Mita ya kebo ikiwa mgonjwa, usiipulizie spirei ya mafuta ndani. Itatulia siku mbili, halafu mafuta yataganda na vumbi na utakuwa umeiua. Mpelekee fundi anayerekebisha mita za spidi, mtu mwenye mkono wa saa, kwa sababu ile springi ndani ni nyembamba kuliko unavyodhani.

Tahadhari moja kwa wale wako na nduthi za Uingereza za miaka ya hamsini, kama Triumph na BSA. Kama mita imeandikwa Smiths na ni ya aina ya Chronometric, mshale wake husonga kwa hatua, unaruka kidogo, unasimama, unaruka tena. Ndani yake kuna mashine kama ya saa inayohesabu mizunguko kwa vipindi. Hio si shida, ilitengenezwa hivyo. Usimlipe mtu kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

KAMA MITA NI YA UMEME

Hapa fuata mpangilio, kutoka kwa kitu rahisi na cha bei ya chini mpaka kile cha bei kali. Usiruke hatua.

Hatua ya 1: Toa vitu vyote umeongeza. Nduthi nyingi mtaani ziko na alamu, redio, chaja ya simu, taa kali za LED na nyingine za kuwaka-waka. Kila moja imeungwa na waya ya mtu tofauti, siku tofauti. Chomoa zote kwa muda, kisha washa nduthi. Mshale ukitulia, rudisha moja baada ya nyingine mpaka umpate mkosaji. Chaja za simu za bei rahisi na taa za LED zisizo na kinga hupiga kelele ya umeme ambayo mita huihesabu kama mapigo.

Hatua ya 2: Betri na chaji. Weka multimita kwa volti za DC. Nduthi ikiwa imepumzika masaa kadhaa, betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 mpaka 12.8. Ikisoma 12.2 iko nusu ama chini, na ikisoma chini ya 12 imeisha nguvu. Sasa washa injini na upige resi ya kati. Hapo tumia sikio, kwa sababu mshale hauaminiki sai. Unataka kuona kama 13.5 mpaka 14.5. Ikibaki chini ya 13, chaji haifiki: cheki regyuleta, konekta yake na waya za alternata. Ikipita 15, regyuleta imededi na inapika betri, balbu, CDI na mita yenyewe. Hapa mshale ulikuwa unakuonya kabla kitu cha bei kubwa hakijaungua. Kama nduthi yako ni ya volti 6, gawa hizi namba kwa mbili.

Hatua ya 3: Ethi. Hii ndio hushinda kesi nyingi kwa nduthi nzee. Ethi ni njia ya umeme kurudi kwa betri kupitia fremu, na fremu ya miaka ishirini iko na rangi, kutu na matope. Kuna dalili moja tamu sana: washa indiketa. Kama mshale unadunda pamoja na indiketa, ama unashuka ukishika breki na taa ya nyuma ikiwaka, ethi ni mbovu, ama betri ni dhaifu. Ndio maana ulicheki betri kwanza.

Pima hivi: injini ikiwaka na taa zikiwaka, weka ncha nyekundu ya multimita kwa waya ya ethi ya mita, na ncha nyeusi kwa negativu ya betri. Ukisoma chini ya volti 0.2, poa. Ukisoma 0.5 kwenda juu, umeme unapigana njiani kurudi. Kwa jaribio la haraka, unganisha waya kutoka negativu ya betri moja kwa moja mpaka ethi ya mita. Mshale ukitulia hapo hapo, umemaliza kesi. Fungua sehemu zote ethi imefungwa kwa fremu na injini, kwaruza na msasa mpaka chuma king'ae, funga tena na upake grisi kidogo juu kuzuia kutu.

Hatua ya 4: Waya za shingoni. Waya zote za mita hupita pale usukani unapozunguka. Baada ya miaka, waya hukatika ndani huku ngozi ya nje ikionekana mpya. Nduthi ikinguruma pale imesimama, zungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mshale ukiruka na sauti ya injini haijabadilika, waya imekatika ndani hapo. Lakini kama sauti ya injini inapanda ukizungusha usukani, hio ni kebo ya mafuta inavutwa, na mshale unasema ukweli. Rekebisha hio leo. Nduthi inayojipigia resi ukikata kona ni hatari.

Baada ya usukani, tikisa konekta moja moja kwa mkono. Ile inayofanya mshale uruke, ifungue. Ukiona kijani kibichi kwa shaba, hio ni kutu. Pulizia spirei ya kusafisha konekta, bana vile vishikio vya ndani kidogo na koleo, rudisha. Waya iliyokatika unganisha kwa solda na uifunike vizuri. Kuipinda-pinda na kuizungushia tepu ni kuahirisha tu. Mvua ya Aprili itakukumbusha.

Hatua ya 5: Plagi, kofia yake na waya nene. Plagi nyingi za kisasa ziko na rezista ndani ya kuzuia kelele ya umeme. Kwa plagi za NGK, utaiona kwa herufi R kwa jina: DR8EA iko na rezista, D8EA haina. Kofia ya plagi pia mara nyingi huwa na rezista ya kama kilo-omu 5. Ukitoa kofia original ukaweka ile ya bei rahisi isiyo na rezista, na plagi pia haina, waya nene inageuka kuwa stesheni ya redio. Mita inashika hizo kelele na mshale unapaa juu.

Kofia nyingi hujifungua kwa kuzungusha. Pima na multimita kwa omu. Ikisoma maelfu ya chini kama 5,000, fiti. Ikikosa kusoma kabisa, imekatika ndani na moto unaruka pengo kila pigo. Halafu usiku, mahali penye giza na hewa, washa nduthi uangalie waya nene bila kuigusa. Ukiona cheche za bluu zikitoroka kwenda kwa injini, badilisha. Pia hakikisha waya ya mita haijafungwa pamoja na waya nene ya plagi. Zitenganishe.

Kwa zile nzee kabisa zinazotumia kontakti badala ya CDI, cheki kontakti zenyewe na kondensa. Kondensa ikichoka, kontakti hupiga cheche kubwa kila zikifunguka, zinaungua nyuso, na mapigo yanafika kwa mita yakiwa machafu. Kondensa ni spea ya pesa kidogo, na injini yenyewe itawaka vizuri zaidi.

Hatua ya 6: Mita yenyewe. Umefika hapa na kila kitu kiko sawa? Sasa ndio unaruhusiwa kuishuku mita. Kama kuna unyevu ndani ya kioo, ifungue kwa uangalifu, ikaushe, angalia kama kuna solda iliyopasuka kwa ubao wake. Solda iliyopasuka ina tabia yake: mita hulala ukipita matuta, na hufufuka ukiigonga kidogo. Fundi wa kurekebisha simu ama redio anaweza kuichomea upya.

RANGI ZA WAYA: HAPA NDIPO FYUZI HUFIA

Kabla hujagusa waya yoyote, jua rangi za kampuni yako. Kwa nduthi nyingi za Japani mpangilio ni huu:

Honda: ethi ni kijani, na waya ya moto baada ya swichi ni nyeusi.

Yamaha: ethi ni nyeusi, na waya ya moto baada ya swichi ni ya kahawia.

Suzuki: ethi ni nyeusi yenye mstari mweupe, na ya moto ni ya rangi ya chungwa.

Kawasaki: ethi ni nyeusi yenye mstari wa njano, na ya moto ni ya kahawia.

Umeona hio mtego? Nyeusi kwa Yamaha ni ethi, lakini nyeusi kwa Honda iko na moto. Fundi aliyezoea moja akishika nyingine bila kupima, fyuzi inalia. Na nduthi ya miaka mingi huenda imepita mikono mingi, waya zikabadilishwa rangi. Kwa hivyo rangi ni ya kukuelekeza, multimita ndio ya kuhakikisha.

UKINUNUA MITA NYINGINE, USIANGALIE SURA PEKEE

Ukishuka Kirinyaga Road, ile wazee wanaita Grogan, utapata mita zinazotoshea kwa macho. Lakini mita ya umeme hutengenezwa ikijua itapata mapigo mangapi kwa kila mzunguko wa injini. Injini ya stroku nne yenye silinda moja huhitaji moto mara moja kila mizunguko miwili. Lakini nduthi nyingi ndogo hupiga moto kila mzunguko, na ule mmoja unapotea bure wakati ekzosi inatoa moshi. Kwa hivyo injini ikiwa 1,500 RPM, nduthi moja hutuma mapigo 750 kwa dakika na nyingine 1,500. Ukichanganya mita, itasoma nusu ama mara mbili.

Dalili yake haifanani na kuruka. Mshale unatulia vizuri, lakini namba haina akili: nduthi inanguruma pole pole na mita inasema 3,000. Hio si waya mbovu, ni mita ya nduthi ya wenyewe. Kwa mita ya kebo pia kuna uwiano wa gia, kwa hivyo nunua ya modeli yako.

Na kama unanunua nduthi ya mitumba na muuzaji anasema "mshale ni mita tu, haina noma", fanya lile jaribio la kuskiza injini na ile ya indiketa kabla hujatoa pesa. Dakika kumi zitakuambia kama unanunua kebo ya soo chache ama waya za nduthi nzima.

VITU USIJARIBU

Usiweke multimita ya bei rahisi kwa waya za koili injini ikiwaka. Kwa nduthi ya CDI, hata upande wa kabla ya koili hupita volti mia kadhaa, na upande wa plagi ni maelfu. Utaua multimita, na inaweza kukurusha.

Usiwashe injini ndani ya nyumba ama duka lililofungwa ukifanya hizi test. Moshi wa ekzosi unaua bila harufu ya kukushtua.

Usiweke fyuzi kubwa ama waya ya shaba kwa sababu fyuzi inakatika kila saa. Fyuzi inakatika kwa sababu kuna waya inagusa fremu, na ukiizuia kukatika, waya zitashika moto chini ya tenki.

Usibadilishe vitu vitatu kwa siku moja. Mshale ukitulia, hutajua ni nini kilisaidia, na ukirudi kuruka utaanza upya.

UKIENDA KWA FUNDI, MWAMBIE HIVI

Ukimwambia fundi "mita inasumbua", atakuuzia mita. Ukimwambia "mshale unaanguka sifuri injini ikikata, betri iko 12.7, chaji ni 14.1, ethi nimepima iko 0.1", utamwona akivuta kiti. Umeshamfungia milango mitatu ya kukisia, na kazi yake sasa ni kutafuta pale moto unakatika.

Kama umefanya jaribio la kwanza na ukagundua injini inakata pamoja na mshale, usiende nayo safari ndefu na usibebe mtu mpaka ijulikane ni nini. Lakini kama injini haijali, na mshale peke yake ndio unacheza, tulia. Fuata hatua moja moja wikendi. Mara nyingi utakuta ni kipande cha kutu pale ethi imefungwa kwa fremu, na dawa yake ni msasa.